Hofu ya ghafla ndani ya dimensia: namna ya kuitambua na kuishi nayo

Mzee anapoanza kutetemeka, kuhema kwa kasi na kumng'ang'ania mwanawe mkono huku akisema kwamba anakufa, watu wa nyumbani hujikuta njia panda. Ikiwa anajulikana kuwa na dimensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hadi kumbukumbu na uwezo wa kufikiri vikapotea kidogo kidogo, wengi watasema ni ugonjwa wake ule ule umezidi, na watasubiri upite. Ikiwa hajawahi kupimwa, watasema ni presha, au ni uzee tu. Ni nadra mtu kutambua kwamba mzee huyu ameshikwa na hofu, kwamba hofu hiyo ina chanzo ama mwilini mwake ama katika yale yanayomzunguka, na kwamba inatulizwa kwa njia ambayo si ile inayomfaa kijana ambaye kumbukumbu yake ni nzima.

Tofauti hiyo ya njia ndiyo inayohitaji kufafanuliwa. Ugonjwa wa hofu ya ghafla hutibika vizuri kwa sababu mgonjwa anaweza kujifunza jambo jipya kuhusu mwili wake na kulikumbuka siku ya shambulio. Dimensia humnyang'anya mtu uwezo huo huo wa kujifunza na kukumbuka. Hali hizi mbili zinapokutana kwa mtu mmoja, kazi ya kuituliza hofu, ambayo kwa kawaida ingekuwa ya mgonjwa mwenyewe, huhamia kwa wale wanaomuuguza, na wengi wao hubebeshwa kazi hiyo bila kuelezwa kwamba ni yao.

Mwili unapotoa tahadhari bila hatari

Shambulio la hofu huanza ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10 kutimia. Moyo hudunda kwa nguvu, jasho hutoka, mikono hutetemeka, pumzi hukatika, kifua hubana, tumbo huchafuka, kizunguzungu hushika, na ganzi huingia vidoleni na kuzunguka midomo. Baadhi huhisi kwamba vitu vilivyo mbele yao si vya kweli, na wengi huamini kwa dakika hizo kwamba wanakufa au wanarukwa na akili. Mwongozo wanaoutumia madaktari wa akili wa Marekani unaorodhesha dalili 13 za aina hiyo, na unataka angalau 4 zitokee pamoja. Mwongozo huo uliutambua ugonjwa wa hofu ya ghafla kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 1980, jambo linaloeleza kwa nini baadhi ya wazee wa leo waliishi nao ujanani bila kuambiwa jina lake.

Shambulio moja halitoshi kuitwa ugonjwa, kwani watu wengi hupatwa nalo mara moja au mbili maishani na mambo yakaishia hapo. Ugonjwa upo pale mashambulizi yanapojirudia bila kutarajiwa, kisha kwa mwezi mmoja au zaidi mtu akawa anaishi kwa kuliogopa shambulio lijalo, au akabadili mwenendo wake ili kulikwepa: haendi mbali peke yake, hapandi lifti, haketi mahali asipouona mlango.

Kinachotokea mwilini si kitu cha ajabu. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari, hutoa tahadhari kama mbwa wa lindo anayebwekea kivuli, na homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu. Mtu huanza kupumua kwa kasi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hujibana kidogo, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi hutokea. Kizunguzungu hicho mgonjwa hukitafsiri kuwa dalili ya kifo, tafsiri hiyo huongeza hofu, na hofu huongeza kasi ya pumzi. Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alilieleza duara hili mwaka 1986, na tiba ya kisaikolojia inayotumika leo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maelezo hayo. Mtaalamu humwomba mgonjwa apumue kwa kasi kwa makusudi, au azunguke kwenye kiti mpaka asikie kizunguzungu, ili ajionee mwenyewe kwamba dalili zinakuja, zinafika kileleni na kuondoka bila kumdhuru. Akirudia zoezi hilo mara nyingi, tafsiri ya zamani hufifia na mpya hushika mahali pake. Ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, ambao bado unasambaa, haufai: ikiwa tatizo ni moyo au pumu, mfuko huo unaweza kumpunguzia mtu oksijeni wakati anapoihitaji zaidi.

Ugonjwa unaochukua maneno na kuacha hisia

Dimensia ni jina la jumla la dalili zinazoletwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nayo, na kwamba ugonjwa wa Alzheimer huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa hao. Kuna pia dimensia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, ile ya miili ya Lewy, yaani mabonge madogo ya protini ndani ya seli za ubongo, ambayo mara nyingi humfanya mtu aone watu au wanyama wasiokuwepo, na ile inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hubadili tabia kabla ya kugusa kumbukumbu. Wagonjwa wengi wa umri mkubwa huwa na zaidi ya aina moja kwa pamoja.

Hofu imekuwemo katika historia ya ugonjwa huu tangu siku ya kwanza. Mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimchunguza huko Frankfurt kuanzia mwaka 1901, Auguste Deter, aliyekuwa na umri wa miaka 51, hakuanza kwa kusahau. Dalili yake ya kwanza kuonekana ilikuwa wivu mkali dhidi ya mumewe, na baadaye akawa anaamini kwamba kuna watu wanaotaka kumuua na kupiga mayowe. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kukuta mabaka na nyuzi zilizosokotana ambazo leo tunajua ni protini za amiloidi na tau. Vizazi vilivyofuata viliyakumbuka mabaka vikasahau mayowe, na nadhani tumelipa gharama ya usahaulifu huo: familia huelezwa kwa kirefu kuhusu kumbukumbu inayopotea, lakini mara nyingi hakuna anayewaambia kwamba mgonjwa wao atakuwa anaogopa.

Katika Alzheimer, moja ya sehemu zinazoharibika mapema ni hipokampasi, inayohifadhi matukio mapya. Hisia hazifuati mkondo huo huo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye wagonjwa hao walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona, lakini huzuni au furaha iliyoletwa na filamu ilikuwa bado imo ndani yao. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mgonjwa aliyekaripiwa asubuhi anaweza kushinda siku nzima bila utulivu huku hana habari kwamba alikaripiwa. Sababu imefutika na hofu imebaki, na yeye, kama binadamu yeyote, huitafutia hofu hiyo maelezo mengine: kuna mwizi ndani, amechelewa kazini, watoto wamepotea.

Zinapokutana

Jambo la kwanza la kufahamu ni umri. Ugonjwa wa hofu ya ghafla kwa kawaida huanza ujanani, na ni nadra kuanza baada ya miaka 55. Mzee ambaye hajawahi kuwa na historia ya mashambulizi haya, kisha akaanza kuyapata, anapaswa kuchunguzwa mwili kabla mtu yeyote hajatamka neno wasiwasi. Mapigo ya moyo yanayokwenda mrama, damu iliyoganda mapafuni, sukari iliyoshuka, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, dawa mpya, au kuacha ghafla pombe au dawa za usingizi zilizotumika kwa muda mrefu, vyote vinaweza kuleta picha ile ile ya jasho, kutetemeka na kuhema. Maumivu ya kifua yanayotokea kwa mara ya kwanza ni ya kupelekwa hospitali, hata kama kila mtu nyumbani ana hakika kwamba ni hofu.

Kuna pia kuweweseka kwa ghafla, ambako mara nyingi huhesabiwa kimakosa kuwa ni dimensia iliyopanda. Dimensia huenda polepole, kwa miezi na miaka, ilhali kuweweseka huja ndani ya saa au siku chache: mtu aliyekuwa akizungumza vizuri juzi leo hafuati hata sentensi moja, mara amesinzia, mara anapigana na mashuka, na hali hubadilika kutwa nzima. Maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, kufunga choo kwa siku nyingi au maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza vinatosha kuileta. Hii ni dharura ya kitabibu, na kumtuliza mgonjwa kwa maneno matamu bila kumtibu ni kupoteza muda wake.

Baada ya hayo kuondolewa ndipo tunapofika kwenye hofu ya dimensia yenyewe, nayo ina sura zaidi ya moja. Mwanzoni mwa ugonjwa mtu bado anajua kinachompata. Anatembea njia aliyoipita miaka yote, kisha kona moja inakuwa ngeni kabisa, na mwili wake unalipuka kwa hofu. Shambulio hilo si la kufikirika tu, kwa kuwa limetokana na jambo la kweli, na mgonjwa huyu bado anaweza kunufaika na mazungumzo ya tiba yakifupishwa, yakirudiwa, yakiandikwa kwenye karatasi ndogo anayoibeba mfukoni, na mtu wa karibu akihudhuria pamoja naye.

Ugonjwa unaposonga mbele, maneno huisha na hofu hutokea kwa matendo. Mgonjwa hutembea huku na huko, humfuata mlezi wake hadi mlangoni mwa choo, hukataa kuvuliwa nguo, hutukana au hupiga. Kurt Goldstein, daktari Mjerumani aliyewatibu askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita ya Kwanza ya Dunia, aliona kwamba mtu mwenye ubongo ulioumia akipewa kazi inayomshinda haishii kushindwa tu, bali husambaratika kwa taharuki, jasho na hasira. Kinachoitwa ukaidi wa wagonjwa wa dimensia kwa sehemu kubwa ndicho hicho: mtu amedaiwa jambo lililozidi uwezo uliobaki.

Kuoga, kwa karibu

Kuoga ni mfano mzuri, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani hutokea. Tuutazame kwa macho ya mgonjwa. Mtu ambaye sura yake haimjii vizuri anamvuta kutoka kitini na kumvua nguo. Chumba kina baridi, sauti zinarudi kutoka ukutani, maji yanamwagika kutoka juu bila kuonekana yanakotoka, na watu wawili wanazungumza juu ya kichwa chake wakiambizana wamshike vizuri. Hata mtu mzima wa afya angepiga kelele. Mambo hubadilika chumba kikipashwa joto kabla, taulo likibaki mabegani mwa mgonjwa muda wote, maji yakianzia miguuni na kupanda taratibu, kichwa kikiachiwa mwisho au siku nyingine, mgonjwa akishika kitambaa mwenyewe, na mtu mmoja tu akizungumza, akitaja kila hatua kabla ya kuifanya. Na ikiwa leo imeshindikana, kumfuta mwili akiwa amekaa kitini kunatosha, kwani hakuna aliyewahi kudhurika kwa kukosa kuoga siku moja.

Hofu ikishapanda, maneno ya kwanza yana uzito. Wengi husema, "Tulia, hakuna kitu," nayo ni kauli ya nia njema isiyosaidia, kwa sababu mgonjwa anasikia kitu kifuani mwake na sasa ameambiwa kwamba hata hilo hulijui. Inafaa zaidi kuinama hadi macho yalingane, kumjia kwa mbele badala ya nyuma, na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, naona umeogopa. Nipo hapa, siendi popote." Usimwamuru avute pumzi na kuhesabu, maana kuhesabu ni mtihani mwingine. Pumua wewe polepole, kwa namna anayoiona na kuisikia, huku umemshika mkono kama anakubali kushikwa. Punguza sauti za redio na televisheni, waombe waliojaa chumbani watoke, na umpe kitu cha kushika. Akitulia, kaa naye kidogo kabla ya kurudia jambo lililomtibua.

Saa za jioni zina ugumu wake. Wagonjwa wengi huanza kuhangaika jua linapokaribia kuzama, na kauli inayosikika zaidi ni "Nataka kwenda nyumbani," wakati mwingine kutoka kwa mtu aliyekaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kubishana naye na kumwonyesha hati ya nyumba hakumsogezi hatua hata moja. Anachokitafuta mara nyingi ni hali ya usalama aliyoizoea zamani, na swali kama "Nyumbani kuna nani?" humpa nafasi ya kuisimulia, na masimulizi humshusha. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia, mapazia yafungwe ili vioo vya dirisha visimrudishie sura asiyoitambua, na kahawa iishie asubuhi. Mlezi anayeandika kwa siku kadhaa saa ya kila tukio, lililolitangulia, mgonjwa alikula lini, alilala vipi na alipata choo lini, kwa kawaida huanza kuona mpangilio ambao hakuna daktari angeweza kuuona kwa dakika chache za kliniki. Wakati mwingine mpangilio huo hufichua jambo dogo sana, kwa mfano kwamba mashambulizi yote hutokea miwani ikiwa imesahaulika kabatini.

Kuhusu dawa

Dawa zina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko familia nyingi zinavyotarajia. Kwa ugonjwa wa hofu ya ghafla usio na dimensia, dawa za kundi la sertralini na esitalopramu, zinazotumika pia kutibu sonona, hufanya kazi vizuri baada ya wiki kadhaa, na huweza kuzidisha wasiwasi kidogo siku za mwanzo. Kwa mwenye dimensia madaktari wakati mwingine huzijaribu kwa kipimo kidogo, lakini matokeo yake hayana uhakika huo. Dawa za kundi la benzodiazepini, kama diazepamu na lorazepamu, hutuliza haraka na ndiyo maana huombwa sana, lakini kwa mzee huongeza kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa, hivyo zinaweza kukuza kile kilekile zilichopewa kukipunguza. Anayezitumia tayari asiachishwe kwa siku moja, bali apunguziwe taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa dawa za kutibu vichaa zinazotolewa ili mgonjwa "atulie". Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kizazi kipya za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kugusa zile za zamani. Kwa wenye dimensia ya miili ya Lewy zinaweza kuleta kukakamaa na kudhoofika kwa hatari hata kwa kipimo kidogo. Bado zipo hali ambazo daktari ataona hazina budi, kama mgonjwa anajihatarisha au anahatarisha wengine, lakini ziwe kwa kipimo cha chini, kwa muda mfupi, na baada ya kujaribu njia nyingine. Inafaa pia kumwonyesha daktari kila kidonge kilichomo nyumbani, zikiwemo dawa za mafua na za mzio zinazonunuliwa bila cheti, kwa kuwa baadhi yake huvuruga kumbukumbu moja kwa moja.

Wanaoogopa kwamba wao ndio wanaofuata

Mtu mwenye mashambulizi ya hofu ambaye mzazi wake ana dimensia huja na swali lake mwenyewe: mbona nami nasahau? Hofu hula umakini, na jambo ambalo umakini haukulishika haliwezi kukumbukwa. Usingizi mbovu na sonona hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida, ingawa si kanuni, anayeweza kusimulia kwa undani kila alichosahau wiki hii ana kumbukumbu inayofanya kazi, ilhali katika dimensia watu wengine ndio huona kwanza. Aende apimwe hata hivyo, kwa sababu upungufu wa vitamini B12 na udhaifu wa thairoidi vinaweza kuvuruga kumbukumbu na vinatibika, na kwa sababu jibu la daktari ni bora kuliko kujikagua kila saa.

Na mlezi mwenyewe hayuko salama. Kukosa usingizi usiku kucha, kusikiliza kila mchakacho wa mlango na kubeba uamuzi wote peke yake ni mazingira ambamo mashambulizi ya hofu huota. Shambulio likimpata akiwa peke yake na mgonjwa, azime jiko, afunge mlango wa nje, kisha aketi chini karibu na mgonjwa badala ya kupambana nalo akiwa amesimama, na ampigie simu mtu waliyekubaliana mapema kwamba ndiye wa kupigiwa. Yeye bado anaweza kujifunza, kwa hiyo tiba ya kisaikolojia inamfaa kikamilifu, na kwa wengi hukamilika kwa miezi michache. Kinachowakwamisha walezi wengi ni kwamba hawana wa kumwachia mgonjwa kwa saa hizo. Kwa hiyo anapopanga siku ya kwanza ya tiba, apange siku hiyo hiyo nani atakaa na mgonjwa kwa kila kikao hadi cha mwisho, na amwandikie mtu huyo namna mgonjwa anavyopenda kushikwa mkono anapoogopa.